Unga wa Mawe Ulioelea

Siku Bwana Placide alipoagiza beseni la maji liletwe kwenye kiwanja cha Dieudonnée, kijiji kizima kilijua jambo zito linakuja. Dieudonnée yeye aliona balaa. Mtu hajawahi kuyeyusha hata kifuniko cha bidoni ya maji, leo anakuja kupima kazi ya plastiki kwa beseni la kufulia nguo! Lakini Placide alikuwa prezida wa Komite ya Ubora wa Daraja, na prezida akitaka beseni, utafanya nini? Unaleta beseni.

Ngojeni kwanza niwaeleze habari ya daraja, maana msipoielewa mtacheka mahali pasipo pa kucheka.

Mto Lukenge unakata njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Si mto wa kutisha. Kiangazi unakunja suruali unavuka. Mvua zikianza, maji yanakufika shingoni na yanakwenda na haraka zake. Miti iliyolazwa juu yake ilioza kila mwaka, na kila mwaka pikipiki moja au mbili zilitumbukia pamoja na mchele, mbuzi na wenyewe. Hilo watu walishalizoea, Mungu atusamehe. Ila shule ilikuwa ng'ambo. Watoto wote wa kijiji walivuka pale asubuhi na mchana, na mmoja wao alikuwa Esther-Divine, mtoto wa pekee wa Dieudonnée, mwenye miaka tisa. Mvua za mwaka jana mti ulivunjika chini ya miguu yake. Maji yalimchukua mpaka kwenye matete, akanasuliwa na wanawake waliokuwa wakilowesha mihogo. Tangu siku hiyo Dieudonnée hakusikia mvua ikianguka bila kutoka nje kumtafuta mtoto kwa macho. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mtoto wake aende shule na kurudi akiwa mkavu.

Ndipo akafika enjenia Serge kutoka Bukavu, kijana mwembamba mwenye miwani, aliyetumwa na mradi ambao jina lake lilikuwa refu kuliko daraja lenyewe. Alileta mashine yenye parafujo kubwa ndani, jamaa ya zile za kusagia nyama, akauliza ni nani kijijini anajua kukanda. Watu wakamwonyesha Dieudonnée, fundi wa maandazi.

Kazi haikumshinda. Djamali, mwendesha pikipiki, alikusanya Kasongo bidoni zilizopasuka, viti vilivyovunjika miguu na mabeseni yasiyo na chini, akavileta amevifunga nyuma yake mpaka yeye mwenyewe haonekani. Vinaoshwa, vinakatwa, vinayeyushwa, vinachanganywa na unga wa mawe, kisha vinashindiliwa kwenye fomu, kalibu ya chuma. Vikipoa unatoa ubao usiooza wala kuliwa na mchwa.

"Plastiki peke yake iko laini mno," Serge alimweleza. "Jua likiipiga inajikunja. Unga wa mawe ndio unaikaza. Lakini Mama Esther, jiwe na plastiki ni wakwe wasiosemezana. Jiwe linapenda maji, plastiki inapenda mafuta. Ukiwalazimisha kukaa nyumba moja, jiwe linajikusanya pembeni, madonge madonge, na pale penye donge ndipo ubao unapasuka."

"Sasa munafanyaje?"

"Tunalivalisha jiwe koti la mafuta. Kila punje na koti lake. Plastiki ikiiona inafikiri ni ndugu yake, inaikumbatia."

Na punje zenyewe zilikuwa ndogo hata kuzisema ni aibu, utaonekana mwongo. Serge aliziita nano. Alisema ukizipanga ubavu kwa ubavu, unahitaji kama elfu moja kuufikia unene wa unywele. Dieudonnée alimtazama kama unavyomtazama mtu wa mjini, lakini masikio aliyaacha wazi.

Magunia yalikuwa sita. Matatu yalifungwa kamba ya buluu: unga wake ulishapakwa mafuta. Matatu yalifungwa kamba nyekundu: unga mtupu, wa kuonyeshea tofauti. Kwa nini matatu, wakati konzi mbili zingetosha kuonyesha tofauti? Kwa sababu huko mradini walitaka jedwali lipendeze, nusu kwa nusu.

Serge akatengeneza vipande viwili vyembamba, kila kimoja cha unga wake. Cha kamba nyekundu Dieudonnée alikikunja kidogo tu: kwachu! Ndani yake akaona vidonge vyeupe, kama bugali uliosongwa na mvivu. Cha kamba ya buluu alikikunja mpaka ncha zikakaribia kugusana, akakiachia, kikarudi kilivyokuwa.

"Yesu wangu," akasema, akakikunja tena mara kumi. Usiku huo alilala usingizi ambao hakuwa ameulala mwaka mzima.

Wiki iliyofuata Serge aliitwa Bukavu kwenye semina ya wiki tatu, juu ya namna ya kuandika rapore za mradi. Aliacha mashine, aliacha magunia, aliacha namba ya simu. Simu pale inashika juu ya kichuguu kimoja tu, na siku inazotaka yenyewe. Na mtu akiondoka kazini akaacha nafasi, nafasi haikai tupu. Ikaundwa Komite ya Ubora, na juu yake akawekwa Placide kutoka Kabambare.

Nisimwonee mtu. Placide hakuwa mjinga. Miaka ishirini alikuwa mkaguzi wa mbegu za mpunga, kuanzia Nyangwe mpaka Wamaza, na kwa mpunga hakuna aliyemdanganya. Anamwaga mbegu majini: punje nzima inazama, kapi linaelea. Anachota makapi, anayatupa, watu wanapanda, watu wanakula. Njaa ngapi zilikimbia kwa sababu ya beseni la Placide! Ubaya wake ulikuwa mmoja tu. Lile beseni lilimpa heshima nyingi sana, akaona hakuna haja ya kujifunza kitu kingine.

Basi beseni likaletwa. Watu wakajaa kiwanjani. Placide akakunja mikono ya koti lake kubwa la kijivu, koti la sherehe lililokuwa na mabega mawili zaidi ya yale ya kwake, akachota konzi ya gunia jekundu, akamwaga. Unga ukalowana, ukazama, ukatulia chini.

"Muzuri," akasema Placide.

Akachota wa gunia la buluu, akamwaga. Unga ukatanda juu ya maji. Akaukoroga kwa kidole. Ukashuka, ukapanda tena. Akaukoroga kwa mkono mzima, ukarudi juu. Akautoa mkono majini, unga uliobaki juu ya kiganja ulikuwa mkavu kabisa, unapeperuka.

Watu wakasogea kulitazama beseni. Pale kila mtu ni mkulima wa mpunga, kuanzia mtoto wa kubebwa.

"Makapi," akasema Placide.

"Makapi!" wakaitikia watu, na wengine wakapiga ulimi kwa hasira. Kumbe mradi umewaletea makapi!

"Shefu, samahani," Dieudonnée akasogea. "Unaelea kwa sababu iko na mafuta. Enjenia alinielezea. Ule wenye mafuta ndio muzuri, maji yanaukataa lakini plastiki inaupenda."

"Aaa! Kwa hiyo wamepaka mafuta kuficha ubaya!" Placide akageukia watu. "Mumesikia? Mama mwenyewe amekubali."

"Sijakubali kitu! Angalia hivi vipande, Shefu. Kunja hiki. Sasa kunja hiki."

"Mama Esther, komite haikunji. Komite inapima."

Dieudonnée akamtafuta mtu wa kumtetea. Macho yake yakakutana na ya mama yake mzazi, bibi Marcelline, aliyelima mpunga miaka hamsini. Marcelline akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwanangu," akasema polepole, "mpunga ukielea hauoti. Hilo hata weye unalijua."

"Lakini huu si mpunga, mama!"

"Ndiyo ubaya wake," akasema Marcelline, na watu wakaona bibi amesema neno.

Placide akaandika karatasi ya ukaguzi, akaipiga muhuri mara mbili. Magunia matatu ya buluu yakamwagwa kwenye shimo la choo kilichochimbwa upya nyuma ya kanisa. Dieudonnée alisimama akitazama jinsi ule unga unavyoshuka, mweupe, mkavu, akahisi kama mtu anamwaga maziwa ya mtoto wake. Walipoondoka, alichukua ufagio akafagia ule uliomwagika kiwanjani. Ulijaa sufuria moja. Ulitosha ubao mmoja.

Alitaka kukataa kazi. Placide akamjibu kwa upole kwamba mashine ni ya wote, na asipoitumia yeye, itatumiwa na mwingine asiyejua hata kuiwasha. Basi Dieudonnée akaendelea, akikoroga kwa nguvu, akisaga upya, akipunguza unga kidogo kila mara. Unga mtupu ulikataa kukorogeka. Ubao wa kwanza ulimbeba yeye. Djamali aliporuka juu yake, ukapasuka vipande viwili.

Wakavichukua vile vipande wakampelekea Placide. Akavitazama kwa makini, akavigonga kwa kalamu.

"Mumeuruka," akasema.

"Ndiyo, Shefu. Mara moja tu."

"Basi kosa liko kwa mwenye kuruka. Daraja ni la kupita."

Na kesho yake, kwa amri ya komite, kibao kikasimamishwa mtoni, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: HAPANA KURUKA. Mbao ishirini na mbili zikapakwa rangi ya kijani ili zipendeze, zikafungwa kwa bulonji za chuma na nati zake juu ya magogo. Ubao wa ishirini na tatu, ule wa unga wa kufagia, Dieudonnée aliuacha bila rangi, ukiegemea ukuta wa jiko lake, na aliupiga teke kila alipopita kwa sababu ya uchungu. Haukuwahi kupata hata ufa.

Siku ya kufungua daraja mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Lukenge ulijaa, ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Dieudonnée alifika mapema, na Placide alikuwa ameshafika, ndani ya koti lake, ameshika karatasi ya programu.

"Mama Esther, furahi," akasema. "Mtoto wako iko namba moja."

Dieudonnée akaichukua karatasi. Namba moja: wanafunzi arobaini wanavuka wakiimba na kupiga miguu, Esther-Divine mbele na bendera. Namba mbili: foto ya wanufaika katikati ya daraja. Namba tatu: hotuba ya Prezida. Namba nne: wakubwa wanavuka.

Akaisoma tena namba moja. Watoto arobaini, tena wakipiga miguu!

"Shefu, nakuomba," akasema. "Mbao zitavunjika. Nimezitengeneza miye, nazijua. Weka watoto pembeni. Nikupigie magoti?"

"Mbao zimepita. Karatasi iko na muhuri mbili."

"Muhuri haitamshika mtoto wangu majini!"

"Mama, usiniharibie siku," Placide akasema, akaanza kutafuta mtu mwingine wa kuongea naye.

Upande wa chini watoto walikuwa wanapangwa mstari. Esther-Divine alivaa soksi nyeupe. Alimwona mama yake akampungia bendera, meno yote nje. Na hapo, jamani, uoga ulimtoka Dieudonnée, ikabaki hasira, na hasira ikamletea akili. Mwanamke aliyeuza maandazi sokoni miaka kumi anajua kila mtu ananunua nini. Huyu Placide hanunui ukweli; hilo alikwisha kumpelekea mara nne. Akajifuta uso, akamfuata.

"Pole, Shefu. Nimekubali. Hata nafurahi, ju ni heshima kubwa kwetu."

"Ndiyo sasa!"

"Mutu wa kwanza kulikanyaga daraja ni mtoto wangu. Foto ya kwanza ni yake. Hata miaka mia watasema, daraja la Lukenge lilifunguliwa na Esther-Divine, mtoto wa mama wa maandazi." Akashusha sauti. "Wakubwa watakuja nyuma, namba nne. Hakuna neno, wamezoea."

Placide akatazama programu. Akaitazama tena kana kwamba imeandikwa na adui yake. Kisha akatoa kalamu, akakata mistari kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Namba moja: Prezida anavuka, peke yake.

Dieudonnée hakuwa na roho mbaya, mjue hivyo. Alimtuma Djamali akalete ule ubao wa jikoni, akawaomba wanawake watano washuke kwenye matete na kamba. Kisha akarudi mara ya mwisho, maana dhamiri ilimchoma, akamshika Placide mkono wa koti.

"Shefu. Zitavunjika."

"Mama, utaonekana kwenye foto," akasema Placide, akajinasua.

Akapanda. Ubao wa kwanza ukamchukua. Wa pili ukamchukua. Watu wakapiga makofi, na Dieudonnée kwa kitambo akatamani kweli kwamba yeye ndiye aliyekosea. Placide akafika katikati, akageuka kwa mpiga foto, akatoa tumbo. Kisha, ili watu wote waone kazi ya komite, akainua mguu akaukanyaga ubao kwa kishindo.

Kwachu!

Mbao tatu zilikwenda pamoja. Prezida alizama na kalamu yake, na kwa muda ambao unaweza kuhesabu mpaka tano, Lukenge ulikuwa na maji tu. Kisha koti likatokea. Lilijaa hewa, mabega yote manne. Na katikati ya koti alikuwa Placide, chali, mikono wazi, macho mbinguni, akizunguka polepole kuelekea matete. Vipande vya mbao zake za kijani vilikuwa vinaelea pande zote mbili za kichwa chake.

Kijiji kizima cha wakulima wa mpunga kilisimama ukingoni kikitazama. Kila mtu aliliona neno, kila mtu alilimeza. Ila bibi Marcelline, aliyekuwa na miaka themanini na hakuwa na sababu tena ya kumeza vitu, akasogea mpaka kwenye maji, akakinga macho kwa mkono.

"Anaelea," akasema.

Ee, kicheko! Watu walishikana wasianguke. Mwalimu alikalia ngoma. Dieudonnée peke yake hakucheka. Alishuka mbio, akausukuma ule ubao usio na rangi juu ya maji. "Shika, Shefu! Shika!" Placide akaukumbatia kwa mikono miwili, na koti lililojaa maji sasa lilikuwa zito kama ng'ombe. Djamali na wanawake wakavuta. Ubao ukajipinda. Ukajipinda mpaka watu wakaacha kucheka wakaanza kusema "oo, oo, oo." Haukuvunjika. Walipomfikisha kwenye majani, wakauachia, na ubao ukanyooka kama ulivyokuwa, chaa, ukimrushia maji ya mwisho usoni.

Placide alikaa kwenye matope, akikohoa. Alipopata pumzi aliushika ule ubao, akaupapasa, akauliza kwa sauti ndogo: "Huu ni wa unga gani?"

"Wa kuelea, Shefu," akasema Dieudonnée.

Serge alirudi na magunia mapya, yote ya buluu, na macho mekundu ya semina. Komite ilikuja na beseni. Unga ulielea, Placide akaandika: "Unaelea, kwa hiyo unafaa," akapiga muhuri mara tatu, akaondoka akiwa mtu aliyejifunza. Na kweli alijifunza. Baada ya mwezi Djamali alitoka Wamaza akasema Bwana Placide ameanza kazi huko, amebadilisha utaratibu wote wa mbegu: mpunga unaozama unatupwa, ule unaoelea ndio unapandwa. Wamaza wamemsikiliza kwa heshima, wamemwitikia, wamemwandalia kuku, na alipopanda pikipiki wakapanda mpunga wao kama kawaida.

Daraja jipya halina rangi. Asubuhi ya kwanza ya kwenda shule Dieudonnée alitangulia peke yake, na juu ya kila ubao aliruka mara mbili kwa miguu yote miwili, mwanamke mzima, kitenge kikimfunguka, akarudi akihema. Esther-Divine alikuwa amesimama ukingoni na begi lake mgongoni. Chini yake maji yalikuwa yanapita kwa kelele, na hakutaka kuinua mguu. Alinyoosha kidole kwenye kile kibao cha maandishi mekundu ambacho hakuna aliyekumbuka kukiondoa.

"Mama, wameandika hapana kuruka."

Dieudonnée akakishika kibao kwa mikono miwili, akakitingisha, akaking'oa, akakitupa mtoni. Kikaelea, kikaenda zake. Akampa mtoto mkono.

"Ruka, mwanangu," akasema. "Ruka unavyotaka."